Mjomba kamletea gemu lenye namba 18. Hizo namba zina kazi kweli?

Shangazi, shikamoo.

Naishi Magomeni, hapa hapa Mtwara mjini, nauza madera na vitenge. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Baba yao kazi zake ziko Kilwa, huja mara moja moja, kwa hiyo mambo mengi ya nyumbani naamua mimi, na ninaposhindwa anaamua kaka yangu. Huku kwetu unajua mjomba ni nani.

Likizo ya Desemba mwanangu aliingia jandoni kwa bibi yake, Tandahimba. Alitoka salama, ngoma ikapigwa, watu wakala. Kaka yangu ana mashamba ya korosho na msimu huo ulimwendea vizuri. Alipokwenda Dar kutafuta pikipiki akapitia Kariakoo, akamnunulia mpwa wake PS4 ya mtumba, ile mashine ya kuchezea gemu kwenye TV, na CD tatu, zawadi ya kutoka jandoni. Moja ya mpira, moja Tekken, ile ya kupigana mateke, na ya tatu GTA V, ile ya majambazi na magari. Mtoto alifurahi mpaka akawa analala na pedi ya kuchezea kitandani.

Mimi sikuwa na neno. Mtoto yuko sebuleni namwona, hazururi. Mpaka jioni moja napita na ndoo ya maji, natupa jicho kwenye TV: mtu amefungwa kwenye kiti, anapiga kelele, anateswa kwa koleo, na anayebonyeza ni mwanangu. Nikamuuliza, nini hiki? Akanijibu bila hata kugeuka, "Mama, usipofanya hivi gemu haliendelei."

Nikachukua makasha nikayaangalia. Hilo la GTA V lina mraba mwekundu wenye namba 18. Tekken ina 16, rangi ya machungwa. La mpira lina 3 ya kijani. Nikampigia kaka. Akacheka sana. Anasema hizo namba ni ugumu wa gemu, 3 ni jepesi na 18 ni gumu, na kwamba mwanangu ana kichwa chepesi ndiyo maana analiweza. Nikamwambia mimi naona kama ni umri. Akabadilika. "Hata kama ni umri, hayo ni mambo ya Wazungu. Huyu ametoka jandoni, wazee wamemwambia ya kuambiwa. Wewe unataka kumrudisha utotoni?" Mama yetu naye akamuunga mkono.

Jirani yangu ni mwalimu, anasema kwa wenzetu hizo namba zinapangwa kitaalamu, nizifuate tu, lolote lenye namba ndogo kuliko umri wa mtoto ni salama. Kijana anayenibebea mizigo anasema hazina maana yoyote, hata huko Ulaya watoto wanacheza kila kitu. Sijui nimsikilize nani.

Nikimnyang'anya, najua atakwenda kwenye banda la gemu mtaa wa pili. Pale ukiwa na hela yako ya mechi hakuna anayekuuliza umri, na CD zao ni za kunakili, hata kasha hazina. Halafu kwenye simu yangu kapakua gemu la bure la kupigana risasi, anavaa spika za masikioni anaongea na watu nisiowajua. Bando linakwisha sielewi limekwendaje.

Shangazi, hizo namba zina kazi au ni mapambo? Na nikae vipi na kaka yangu? Ada ya mwaka jana alilipa yeye. Sitaki aone namdharau.

Mama Wawili, Magomeni, Mtwara

* * *

Marahaba mwanangu.

Kaka yako kwanza. La ugumu amekosea kabisa, wala hayuko peke yake, wazazi wengi huko Ulaya nao wamewahi kudhani hivyo hivyo. Mraba huo ni wa mfumo unaoitwa PEGI, ulioanza Ulaya mwaka 2003. Una ngazi tano: 3, 7, 12, 16 na 18. Kijani ni kwa wadogo, rangi ya machungwa ni 12 na 16, nyekundu ni watu wazima. Haupimi ugumu hata kidogo. Gemu la mpira lina 3 kwa sababu hakuna damu wala matusi ndani yake, lakini wapo watu wenye ndevu zao wanafungwa mabao saba na mtoto wa darasa la nne.

Sasa geuza kasha, nyuma utaona vipicha vidogo. Hivi naviamini kuliko namba yenyewe, maana namba inakuambia subiri na kipicha kinakuambia unasubiri nini. Ngumi ni ukatili. Buibui ni vitisho. Sindano ni dawa za kulevya, pombe au sigara. Dadu ni kamari. Alama ya mwanamume na mwanamke ni mambo ya ngono. Kiputo cha maneno chenye alama za ajabu ajabu ndani ni matusi. Mkono ulioshika kadi maana yake ndani ya gemu kuna kununua vitu kwa pesa halisi. Huhitaji Kiingereza. GTA V huko Marekani, ambako wana mfumo wao, limeandikiwa damu, ukatili mkali, uchi, ngono, matusi, dawa za kulevya na pombe. Ulichokiona ukiwa na ndoo yako ni kipande kimoja tu cha orodha hiyo, na kweli mchezaji analazimika kukipitia ili hadithi iendelee. Mtoto hakukudanganya.

Kama zina kazi? Zina kazi pale tu penye mtu mlangoni. Nikueleze kwa nini nasema hivyo.

Mwaka 1993 maseneta wa Marekani waliitisha kikao kuhusu magemu ya video, wakionyesha Mortal Kombat, ambalo mshindi aliweza kumng'oa mwenzake kichwa pamoja na uti wa mgongo. Wenye viwanda wakaona serikali itawatungia sheria, wakawahi wenyewe: mwaka 1994 wakaanzisha bodi yao, ESRB, ya kuandika umri kwenye makasha. Herufi M ni kuanzia miaka 17. Basi, lebo ikawapo. Mwaka 2000 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaanza kuwatuma vijana wa miaka 13 hadi 16 madukani peke yao, wajaribu kununua gemu lenye M. Katika kila mia, 85 waliuziwa. Lebo ipo, imeandikwa vizuri, na muuzaji anampa mtoto chenji yake. Tume ikaendelea kuwatuma na kutangaza matokeo, maduka yakaona aibu, yakawafundisha watu wa kaunta kuomba kitambulisho. Kwenye zoezi la mwaka 2010 waliouziwa walikuwa 13 katika mia.

Angalia hapo. Hakuna aliyelazimishwa na sheria. Jimbo la California lilitunga sheria ya kuwazuia watoto wasiuziwe magemu ya ukatili, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Uingereza wao wamekwenda kwa njia nyingine: tangu mwaka 2012 muuzaji anayempa mtoto gemu lililo juu ya umri wake, 12, 16 au 18, anaweza kushtakiwa. Ujerumani nako lebo zao zina nguvu ya sheria. Njia tofauti, ila kote kilichofanya kazi ni yule mtu wa kaunta.

Na kijana wako wa mizigo naye hajasema uongo. Mtoto akikataliwa kaunta, huenda kwa baba, au kwa kaka mkubwa, akanunuliwa. Huko pia wapo akina mjomba wenye mapenzi na wasio na muda wa kusoma kasha. Kwenu mlango ulikuwa mmoja tu, na aliyepita nao ni kaka yako na mfuko wa Kariakoo.

Hata hapa nyumbani tunalijua hili bila kwenda mbali. Mashine za kubahatisha za sarafu, sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 asizicheze. Pita mtaani jioni uone nani amezizunguka.

Sasa hoja ya jando. Usiidharau, na usimjibu kaka yako kwa kusema hayo ni mambo ya kizamani, hapo utampoteza na mama yako utampoteza. Mrudishe kumbini kwenyewe. Kule kuna mambo mtoto haambiwi mpaka afikishwe, na siku anapoambiwa, anaambiwa na mtu. Mkubwa yuko pale, anaimba, anafafanua, anakemea, anajua mtoto huyu ni wa nani na kesho atamwona njiani. Hakuna mzee wa Tandahimba anayemwachia mwari mafundisho ya wakubwa yakajicheze yenyewe saa mbili usiku huku yeye amelala. Muulize kaka yako: katika gemu lile, kungwi ni nani?

Kuna na jambo lingine ambalo sisi wa kusini hatupendi kuambizana. Zamani aliyeingia jandoni alikuwa kijana anayekaribia kubalehe. Siku hizi, kwa sababu ya likizo za shule na gharama, tunawaingiza wa miaka saba, wengine chini ya hapo, ili mambo yaishe kwa mkupuo. Kwa hiyo "ametoka jandoni" yenyewe haituambii tena mtoto ana umri gani. Wako ana 11. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto mpaka atimize 18, na wewe unayemfulia sare unajua hivyo bila sheria.

Usimtishie kaka yako, hata hivyo, kwamba mtoto atakuwa jambazi. Hilo hulisemi kwa ushahidi. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilipitia tafiti na mwaka 2020 kikasema kuna uhusiano mdogo kati ya magemu ya ukatili na tabia za ukali kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuyabebesha lawama ya uhalifu. Sababu yako iwe nyepesi na ya kweli: miaka 11 hajui bado kutenganisha mzaha wa watu wazima na mafundisho, na gemu lile limejaa mzaha wa watu wazima. Wenye gemu wenyewe wameandika kwenye kasha kwamba halikutengenezwa kwa ajili yake. Hapo huna haja ya kubishana na mtu.

Mwalimu jirani yako amekushauri kwa nia njema, ila "namba ndogo ni salama" hapana. Namba inaangalia kilichomo ndani ya gemu. Haimjui mtu atakayeongea na mwanao kupitia gemu. Ndiyo maana lile la kwenye simu linanitia wasiwasi kuliko Tekken. Hata ESRB huandika wazi kwamba mawasiliano ya mtandaoni hawayapimi. Na magemu mengi ya simu hayakuangaliwa na jopo lolote kabla hujayapakua: mtengenezaji anajaza dodoso, anajibu kama kuna damu, kama kuna matusi, kama watu wanaweza kuongea, na mfumo unampa namba papo hapo. Play Store imekuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 2015. Aliyejibu vibaya anaweza kurekebishwa baadaye, lakini baadaye ni baadaye. Hata kwenye makasha watu wamewahi kupitwa: mwaka 2005 ilibainika kwamba ndani ya GTA San Andreas, ndugu wa hilo la kwenu, kulikuwa na kipande cha ngono kilichofichwa, wapimaji hawakukiona kwa sababu hawakuonyeshwa, na gemu likapandishwa daraja likiwa limeshauzwa dunia nzima.

Na lile la mpira, la kijani, 3? Yamo magemu ya mpira yenye 3 ambayo ndani yake mtu ananunua pakiti za wachezaji bila kujua atatoka nani, anaweza kutoka nyota, anaweza kutoka beki wa benchi. Ubelgiji mwaka 2018 walitamka kwamba biashara ya namna hiyo ni kamari, na mapema mwaka 2019 kampuni ya EA, iliyokuwa ikitengeneza gemu la mpira la FIFA, ikaacha kuuza nchini humo pointi za kununulia pakiti hizo. Kwa mwanao aliye na CD na hana kadi ya benki hilo halina shida kubwa. Ila namba ya simu yako ya miamala asiijue.

Sasa kazi za mikono. PS4 ina sehemu ya udhibiti wa wazazi kwenye mipangilio yake. Ukiingia mara ya kwanza itakuomba namba ya siri, na kama hakuna aliyeibadilisha ni 0000. Weka kiwango cha umri, halafu, hapa ndipo wengi wanapoachia, zuia kufunguliwa kwa mtumiaji mpya na mgeni. Usipozuia, mtoto atafungua akaunti nyingine kwa dakika mbili na kujipa umri wa babu yake. Ukimaliza, CD yenye umri mkubwa ikiingizwa itagoma mpaka mwenye namba aiweke. Kama mashine inakushinda, mwombe huyo huyo kijana wa mizigo, ila namba ya siri weka wewe, yeye akiwa amegeukia pembeni.

Kwenye simu, Play Store nayo ina udhibiti wa wazazi, unaweka namba ya siri na umri. Lakini haigusi kilichokwisha kupakuliwa, na haina habari na programu wanazorushiana watoto kutoka simu hadi simu. Lile la risasi lifute kwa mkono wako. Akitaka kuongea na watu, aongee na spika wazi, sauti isikike sebuleni. Utashangaa jinsi anavyochoka mapema.

Tekken mwachie? Mimi ningemwachia, mchana, wewe ukiwapo. Namba inasema 16, nimeiona. Lakini ni watu wawili wanapigana mateke ya kuruka mpaka mmoja aanguke, kisha wanaanza upya, na ukinyang'anya vyote kwa siku moja utakuwa umemfukuza kwenda bandani. Wengine watanibishia hapo, na wanibishie.

Lile banda nenda mwenyewe, wakati wa mchana, na adabu zako zote. Usiende kugomba. Mwenye banda anaishi kwa hela ya mechi, na mechi ni za mpira, zinakwisha haraka mwingine anakaa. Mtoto anayejifungia kwenye gemu la hadithi anamkalia mashine. Mwambie: huyu wa kwangu akija, mpira tu, na ikifika magharibi umrudishe. Akina mama wawili watatu wa mtaa mkimwambia neno hilo hilo atalishika, maana wateja wake ni watoto wenu.

Nakuja kwa kaka yako. Usimpigie simu tena, simu inawafanya mtunishiane. Subiri aje, au nenda Tandahimba na mtoto mwishoni mwa wiki. Mbele ya mama yenu mshukuru kwa zawadi, na umshukuru kweli, PS4 si bei ya karanga. Kisha mpe kasha mkononi, mwonyeshe vipicha vya nyuma kimoja kimoja kama nilivyokueleza. Usimwambie amekosea. Mwambie, "Kaka, wewe ndiye mjomba, kazi hii ni yako: namba ya siri ya mashine tuijue mimi na wewe tu, na gemu gani aingie lini useme wewe baada ya kuliona." Mwekee CD ile acheze yeye mwenyewe, mama yenu akiwa amekaa pembeni. Nina hakika hamtafika kwenye koleo kabla mama yenu hajauliza huo ni uchafu gani.

CD yenyewe aondoke nayo. Alilipa yeye, ana miaka yake, akaicheze kwake. Na namba ya siri isiwe mwaka aliozaliwa mtoto, hiyo ndiyo ya kwanza watakayojaribu.

Shangazi